Kilo Moja na Gramu Mia Nane

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la chanjo, jiko la kuchemshia sindano na madaftari kumi na moja ya uzito wa watoto. Aliyenipokea ni binti mwenye macho mazima. Aliniuliza kama kuna jambo la kumwambia ambalo halimo katika madaftari. Nilimjibu kwamba nitamwandikia, na wenzake wengine wanaweza kusoma wakipenda. Nina miaka arobaini na sita na watu wanasema nimeacha kazi mapema. Lakini nesi anayeona mishale miwili penye mshale mmoja hana kazi kwenye mizani. Habari za vyeo sitazieleza. Vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu.

Nilianza Kilwa Kivinje, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka darasa la kumi, nikiamini kwamba mtu wa darasa la kumi hawezi kufundishwa na mtu asiye na cheti. Aliyenifundisha hakuwa na cheti. Aliitwa Bi Zainabu, mkunga wa siku nyingi, mwanamke mwembamba aliyevua viatu mlangoni mwa wadi ya wazazi kama anaingia msikitini. Siku ya kwanza alinipa mtoto nimpime. Nikampima, nikaandika.

“Umepima nini?” akaniuliza.

“Mtoto, Bi.”

“Umepima mtoto na kanga. Kanga ina uzito wake, na kanga iliyokojolewa ina uzito mwingine. Toa kwanza cha mama, ndipo uandike cha mtoto.”

Siku ya pili nilifanya kosa kubwa zaidi. Kliniki ilikuwa imejaa, nami kwa kujivunia mizani nikawa ninatangaza: “Kilo nne na nusu! Kilo tano!” Kabla sijafika mtoto wa sita, akina mama walikuwa wamewafunika watoto wao na kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Bi Zainabu alinivuta pembeni akanifinya mkono mpaka nikaona nyota.

“Uzito wa mtoto hautangazwi, mwanangu. Mtoto mzito utamletea jicho, mtoto mwepesi utamletea maneno. Mwonyeshe mama yake, andika, funga daftari.”

Nilimtii, kwa sababu mkono uliniuma siku tatu. Sikumwamini. Niliona ni mambo ya kizamani, ya watu wanaohofia namba.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Kila baada ya miaka miwili mitatu niliomba uhamisho, na kwa kuwa niliomba kupelekwa kule ambako wenzangu waliomba kutolewa, sikunyimwa. Nilikaa Kilwa Masoko, nikashuka Lindi, nikapewa huduma ya mkoba: kuzunguka vijijini na mizani ya kuning'iniza, suruali ya turubai ya kumwekea mtoto, sanduku la chanjo na beseni. Siku nyingine landrova ilikuwapo. Siku nyingi nilikwenda kwa miguu, mizani begani, na mpaka leo nikisikia harufu ya maua ya mikorosho miguu huniwasha. Ndoano ya mizani tuliifunga kwenye boriti ya ofisi ya chama kijijini. Asubuhi tulipima watoto na mchana boriti ileile ilitundikiwa kengele ya kuita watu shambani.

Watoto wengi walizaliwa nyumbani, na mama hatoki na mtoto kabla ya arobaini. Kwa hiyo uzito wa kuzaliwa niliupata kwa wakunga wa vijijini, ambao walipima kwa mkono. “Alikuwa kama papai,” waliniambia, au, “Kama jogoo aliyenyeshewa.” Nilikuwa na hesabu yangu ya siri. Papai ni kilo mbili na nusu. Jogoo aliyenyeshewa apelekwe hospitali leo hii.

Somoe nilimpima mwenyewe, siku ya pili tangu azaliwe. Ilikuwa wakati watu walipohamishwa kutoka mashambani kwao na kukusanywa katika kijiji kipya, mwendo wa saa mbili nyuma ya Mchinga. Baba yake, Mfaume, alikuwa ameacha mikorosho na minazi aliyorithi, na kiwanja alichopewa kilikuwa na namba na mti mmoja wa mwituni usiozaa tunda. Mama yake, Binti Hamisi, alibeba miti ya kujengea na mimba ya miezi saba kwa safari moja. Akajifungua chini ya paa lililoezekwa nusu, mvua ikiingia. Mkunga alinitumia mtu: “Njoo na mizani yako, hii hata jogoo si jogoo.” Nikamtundika mtoto yule. Kilo moja na gramu mia nane.

Tulimfunga kwa pamba, tukamweka kifuani mwa mama usiku na mchana, tukamkamulia maziwa kwa kijiko. Aliishi. Nilifurahi kana kwamba nimemzaa mimi.

Miaka michache baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili. Mkufunzi mmoja alituambia kwamba watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, baadhi yao, wakikua huwa wazito wa kujifunza, au huwa hawatulii, wana hasira za haraka. Alisema “baadhi yao”. Nina hakika alisema, maana nimelikuta katika daftari langu la mafunzo kwa mwandiko wangu mwenyewe. Lakini nilirudi kijijini nimeliacha neno hilo darasani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka nyota mbele ya kila mtoto aliyezaliwa chini ya kilo mbili na nusu, na nikaanza kuwatazama. Mtu anayetafuta kunguni kitandani hamkosi. Huyu wa nyota kampiga mwenzake, yule wa nyota kakimbia shule. Kulikuwa na Salumu, ambaye alizaliwa mdogo kuliko Somoe na alilelewa na bibi yake na mashangazi wanne wenye vicheko, mtoto mpole, wa kwanza darasani. Salumu sikumtazama. Hakunipa cha kuandika.

Somoe alifika miaka minane, akawa anang'ata.

Kwanza alimng'ata kiranja wa darasa aliyekuwa akichapa wenzake. Kisha akamng'ata mwalimu mkuu mkononi. Mwalimu alikuja kwangu na kidole kimevimba, amekasirika kwa aibu zaidi kuliko maumivu.

“Nesi, huyu mtoto ana nini? Nilikuwa namchapa mwingine kabisa! Yeye hata hakuwa na kosa. Ameruka tu dawatini kama paka.”

Nikafungua daftari nikamwonyesha nyota. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa ugonjwa.

Wiki mbili baadaye akaja Mfaume mwenyewe, baba yake, ananuka uraka, ile pombe ya mabibo, jua halijafika kichwani. Alikunja suruali. Nyama ya mguu, nyuma chini ya goti, ilikuwa na meno yote ya mtoto, juu na chini, na damu imekauka.

“Mwanao?” nikamuuliza.

“Mwanangu au chui, Mungu ndiye ajuaye. Nimesimama zangu nyumbani, kaja kwa nyuma.”

Nikaosha kidonda kwa sabuni na maji ya chumvi, nikapaka dawa ya zambarau, nikafunga. Kisha nikaandika mbele ya jina la Somoe: *amemng'ata baba*. Sikumuuliza alikuwa amesimama anafanya nini. Ninyi mnaosoma haya, kama mtachukua kitu kimoja kwangu, chukueni swali hilo. Mtu akikuletea jeraha, muulize mikono yake ilikuwa wapi.

Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mwalimu hakumtaka mtoto darasani, na wazazi wengine hawakutaka watoto wao wakae naye. Shauri lilikuwa moja tu: Somoe abaki kijijini na shuleni, au atolewe. Mfaume alikuwa na dada yake anayeishi Mtama, aliyetaka mtoto wa kumsaidia kazi. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao. Binti Hamisi alikaa nyuma kabisa, amejifunika kanga mpaka mdomoni, mtoto mchanga mgongoni. Somoe hakuitwa.

Mfaume alikunja suruali tena, akazunguka akionyesha bendeji yangu. “Tazameni jamani! Mimi nalea nini?”

“Nesi,” mwenyekiti akasema, “wewe ndiye mwenye kitabu. Tuambie.”

Nikasimama. Nataka mnielewe: nilisimama kumtetea. Nilidhani nikisema si kosa lake, ni jinsi alivyozaliwa, watamwonea huruma. Nikafungua daftari nikasoma kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, kwamba Somoe binti Mfaume alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane, na kwamba watoto wa namna hiyo wakati mwingine hawatulii, kwa hiyo tumvumilie.

Halafu mama mmoja mtu mzima akasema, “Kumbe! Njiti yule alitoka tumboni bila kupiga hodi, sasa unataka ajue adabu?”

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka. Mwalimu akasimama.

“Kwa hiyo, Nesi, ni maumbile. Si la kufundishika.”

“Sikusema hivyo, Mwalimu. Nimesema baadhi...”

“Kilo moja!” mtu akapaza sauti upande wa wanaume. “Mimi kuku wangu ana kilo mbili na hang'ati mtu!”

Baada ya hapo hakuna aliyenisikia. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la zaidi. Nilimwangalia Binti Hamisi. Alifunua mdomo, akamwangalia mumewe, akaufunika. Ikaamuliwa Somoe aende Mtama kwa shangazi yake, akatulizwe. Alipakiwa juu ya lori la korosho, amekaa kwenye magunia, hakulia. Nilimpa embe. Hakulipokea.

Miezi minne hivi ikapita. Siku ya kliniki Binti Hamisi alileta yule mchanga. Alipoinua mikono kumtoa mtoto mgongoni, kanga ikateleza, nikaona bega. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yake, na chini yake alama za zamani, za manjano. Nikasubiri wenzake watoke.

“Umepatwa na nini, dada?”

Akacheka kidogo bila sauti. “Nimepatwa na Mfaume.”

“Tangu lini?”

“Tangu tuhamie huku. Kule shambani kwetu alikuwa na miti yake, alikuwa mtu. Hapa akishapewa uraka anakumbuka miti, akikumbuka miti ananitafuta mimi.” Akamfunga mtoto vizuri. “Lakini zamani ilikuwa nafuu. Akiinua fimbo, Somoe anamrukia mguu. Anang'ang'ania pale mpaka mwenyewe anaacha. Sasa hakuna wa kumng'ata.”

Nilikaa na kalamu mkononi. Kiranja alikuwa ameinua fimbo. Mwalimu alikuwa ameinua fimbo. Mambo yote nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, kwa tarehe.

“Mbona hukusema mkutanoni?”

“Niseme wapi, Nesi? Wewe ulishasoma kitabu. Mimi hata kusoma sijui. Nikaona labda kweli, labda nilimzaa vibaya.”

Jioni ile nilikwenda kwa mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya.

“Nesi, mkutano umeshaamua, na muhtasari umepelekwa. Tena kwa maneno yako. Sasa niitishe mwingine kusema nini? Kwamba mume anampiga mkewe? Tukianza na hilo hatutalima mwaka huu.”

Nikaenda kwa Mfaume. Alinifukuza kwa jembe. Nikaandika barua wilayani, nikajibiwa kwamba shauri la kifamilia halihusu idara ya afya. Ningeweza kwenda Mtama siku ileile. Nauli nilikuwa nayo na njia naijua. Badala yake nilifanya nililozoea kufanya. Niliomba uhamisho.

Nikarudi Kilwa, nikaja tena Lindi, nikapanga chumba Mitwero. Kila nilikokuwa nilipima watoto na sikuweka nyota tena. Sisemi uzito wa kuzaliwa si kitu. Nimeona waliozaliwa wadogo wakichelewa kutembea, wakichelewa kusema, na mmoja mmoja hakutulia hata katika nyumba yenye amani. Lakini daftari letu lina safu ya uzito, safu ya chanjo, safu ya kimo. Halina safu ya nyumba. Hatujui nani anapiga, nani hali, nani aliacha miti yake wapi. Na mtoto mdogo akiwekwa katika nyumba mbovu, mambo mawili yanashikana mkono, nawe uliyeshika kalamu unaliona moja tu, kwa sababu ndilo lenye namba. Nilianza kuingia majumbani baada ya kupima, kuomba maji ya kunywa. Mtu anayekupa maji hawezi kukufukuza kabla hujamaliza, na mimi hunywa polepole.

Mwaka juzi nilipita tena kijiji kile kusaidia chanjo. Nikatafuta jina la Binti Hamisi katika daftari la wajawazito. Lilikuwa limepigwa mstari. Nikauliza. Walisema aliteleza kisimani na mimba ya miezi sita. Mwingine alisema hakuteleza. Mfaume alikuwa ameshahama, hakuna aliyejua aliko. Niliondoka siku ileile na gari la chanjo.

Mtama nilikwenda mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya kukabidhi. Nyumba niliionyeshwa kwa urahisi. Shangazi yake Somoe, Mama Rukia, mwanamke mnene mwenye heshima zake, alinikaribisha barazani. Nilipomwambia nimekuja kumwona Somoe, akashusha sauti.

“Nesi, utamwona. Ila habari ya mama yake hajaambiwa. Nilipokea salamu za msiba nikazikalia. Mliniletea chui, nimemfanya mtu. Tafadhali usinirudishie chui.”

“Hang'ati?”

“Hang'ati, hapigi kelele, hajibizani. Waulize majirani. Maji ya mtungini yana fujo kuliko yeye.”

Akamwita. Akaja msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mikono imepasuka kwa jivu na sabuni. Akapiga goti. “Shikamoo.” Nikajibu marahaba. Alikaa chini, macho kwenye mkeka. Nilimuuliza kazi, akasema anafanya. Nikamuuliza afya, akasema njema. Mama Rukia aliridhika, akaenda kutazama chungu.

“Unanikumbuka, mwanangu?”

“Wewe ndiye wa mizani.”

Hakuinua macho. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotarajia kununua:

“Bado anampiga mama?”

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilimwona Mama Rukia ameganda na mwiko mkononi.

“Hapana,” nikasema. “Hampigi tena.”

Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, hata utotoni. Alikuwa na pengo la jino mbele.

“Tangu lini?”

“Tangu masika ya mwaka juzi.”

Alihesabu kwa vidole, mara moja, mara ya pili. Kicheko kikapungua kidogo kidogo.

“Mwaka juzi,” akasema. “Sasa mbona hakuja kunichukua?”

Katika kazi yangu nimewaambia watu vifo vingi, na ninayajua maneno ya kuanzia. Siku ile sikuyatumia. Nilimshika mkono nikamwambia hivyohivyo, kwamba mama yake amefariki, kisimani, na mimba, na kwamba mimi nilijua tangu mwaka juzi, na shangazi yake alijua. Mama Rukia akatoka jikoni mbio. “Nilikwambia! Nilikwambia, Nesi!” Akasimama katikati ya ua akimtazama mtoto, mikono mbele, kama anayengoja kurukiwa.

Somoe hakumrukia mtu. Alikaa. Kisha akaniuliza:

“Nani alimwosha?”

Nilikuwa na uzito wa mama yake katika kila mimba, tangu ya kwanza. Ningeweza kumtajia namba zote bila daftari. Aliyemwosha sikumjua, wala sikuwa nimeuliza.

Nikamwambia sijui. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kanga mbili na viatu vyake mkononi. Mama Rukia alisema hatoki mtu hapa. Somoe alimpita kando, taratibu, kama anavyopita kila siku akienda kuchota maji, akasimama njiani kuningoja. Gari la Lindi lilikuwa halijaondoka. Tukaenda kuuliza.